Mmoja au Wawili: Miaka Yangu Nyuma ya Mzee Odongo

"Huyo ni ndege mmoja au wawili?"

Hilo ndilo swali la kwanza nililoulizwa kazini, kabla hata sijaonyeshwa mahali pa kuweka mkoba, na sikuweza kulijibu. Tulikuwa tumesimama kwenye ukingo wa mafunjo ya Dunga, ziwani Kisumu, jua bado halijachomoza, watu wanne tumeinamisha vichwa kama tunaosubiri sala iishe. Ndani ya mafunjo sauti ililia: noti moja nene, ya duara, kama mtu anayepuliza mdomo wa chupa. Kisha kimya. Kisha tena.

Aliyeuliza alikuwa Mzee Odongo, Kiongozi Mkuu wa matembezi ya ndege katika kampuni iliyoniajiri. Alianza na dereva wetu, Baba Junior.

"Wawili," Baba Junior akasema bila kusita.

Akamgeukia Ouma, kiongozi aliyenitangulia kazini.

"Wawili, Mzee."

Kisha akaniangalia mimi. Viatu vyangu vilikuwa vimeanza kunywa maji na nilikuwa najuta kuvaa vipya.

"Nasikia sauti moja," nikasema. "Kama ni ya ndege mmoja au wawili, sijui."

Ouma akachekea puani. "Miaka yote hiyo ya chuo kikuu, ati anasomea hesabu. Kuhesabu mpaka mbili kumemshinda."

Mzee hakucheka. Alinitazama kwa muda, akasema, "Haya," akaanza kutembea. Sikujua kama nimefaulu au nimeanguka, na sikupenda kutojua.

Najua kumbukumbu za kazi huandikwa na wenye mvi. Mimi nimeiacha kazi ya kuongoza wageni nikiwa bado na meno yangu yote, na sasa nafundisha darasani vijana wanaotaka kuianza. Wananiuliza kazi ilikuwaje kabla kila mtu hajabeba simu inayotambua ndege kwa kusikiliza tu. Nimejibu kwa vipande kwa muda mrefu. Hapa najaribu kujibu mara moja, kwa mpangilio, ingawa mpangilio wenyewe utapinda kidogo.

Kwanza waelewe kwamba kuongoza si kuona. Mgeni anayekuja na darubini yake shingoni hudhani utamwonyesha ndege kwa kidole. Ukweli ni kwamba msituni, na hata zaidi katika mafunjo, unasikia kwanza. Kuna wimbo, ambao ndege huimba kutangaza kwamba hapa ni kwake, na kuna mwito, sauti fupi ya kuitana au kuonyana. Asubuhi na mapema nyimbo zote hulia pamoja, nasi tuliita saa hiyo kwaya. Kazi ya kiongozi ni kusimama mbele ya kwaya hiyo na kumtoa mwimbaji mmoja kwa sikio, kisha kujua anapenda kukaa wapi, ndipo umgeuze mgeni upande ule. Jicho ni la mwisho.

Mimi sikujifunza kusikiliza chuoni. Nilikulia mtaa wa Nyalenda, Kisumu, kwenye ploti yenye bomba moja la maji kwa nyumba zote. Ukiwa ndani unapika, unasikia mtungi wako ukijaa huko nje: maji yakianza kuingia sauti ni nzito, halafu inapanda, inakuwa nyembamba kadiri mtungi unavyojaa. Ukikosea noti, maji yanamwagika na jirani anakutukana. Nilipomweleza Mzee Odongo hayo alifurahi kuliko alivyofurahi kuona shahada yangu. Ile shahada, ya takwimu, alikuwa ameisoma kwa heshima na kunirudishia.

Jina langu la kazi nililipata kabla ya mwezi kwisha. Baba Junior alianza kuniita Wakili, kwa sababu niliuliza kila kitu. Kwa nini tunavaa rangi ya majani ikiwa wageni wanakohoa? Nani alisema ndege huyu haonekani mchana? Alijaribu lini? Mzee alikuwa akijibu maswali hayo moja baada ya jingine, bila kukasirika, na pale asipojua alisema hajui. Kwa mtu aliyetoka kwenye kumbi za mihadhara, hilo lilikuwa jambo geni.

Kuhusu ndege wa Dunga, Ouma ndiye aliyenipa jibu, kwa dharau kidogo. Ni ndege mweusi mgongoni, mwekundu kifuani, mwenye utosi wa manjano, asiyeishi popote ila kwenye mafunjo, ambayo kwetu tunayaita togo. Huimba wakiwa wawili, dume na jike. Mmoja hutoa ile noti ya chupa, na mwenzake humjibu papo hapo kwa sauti kavu kama kitambaa kinachochanwa. Wanaungana kwa ukaribu kiasi kwamba asiyejua huapa ni ndege mmoja. Wiki zilizofuata niliwasikia vizuri sana, chupa na kitambaa, chupa na kitambaa. Siku ya kwanza sikuwa nimesikia kitambaa chochote. Nikaamua kwamba sikio langu lilikuwa bado bichi.

Asubuhi moja, tuko pale pale, Mzee akaniuliza tena: "Mmoja au wawili?"

"Wawili. Huimba wawili wawili."

"Nani amekuambia?"

"Ouma. Na kitabu."

"Sikumuuliza Ouma. Leo, hapa, unasikia nini?"

Nikasikiliza. "Wawili," nikasema, na safari hii nilikuwa na uhakika.

"Ber," akasema. Ni sawa.

Kila alfajiri aliuliza hivyo. Unasikia nini? Nilichukulia kuwa ni mtihani usiokwisha, na kuna siku ulinichosha.

Sasa nieleze jinsi tulivyoonyeshana ndege, maana vijana hawaamini. Kwingine viongozi hutumia saa. Mbele ni kumi na mbili, kulia ni tatu, kushoto ni tisa, na kila mtu anageuka. Kampuni yetu iliijaribu njia hiyo kabla sijafika, na hadithi yake bado ilikuwa inachekesha ofisini. Ouma aliona hondohondo msituni Kakamega, akanong'ona, "Saa tatu." Wageni walikuwa walimu wa hapa hapa nchini. Nusu yao waligeuka kulia, penye namba tatu. Nusu nyingine waligeuka kushoto, kwa sababu saa tatu ya Kiswahili mshale unasimama kwenye tisa. Hondohondo alipita katikati yao, nyuma ya migongo ya wote. Tangu siku hiyo Meneja alipiga saa marufuku.

Mzee Odongo akaleta njia ya nyumbani. Ukisikia ndege, usiseme, wala usinyooshe mkono, maana mkono unashtua. Sogeza midomo mbele kidogo, kuelekea alipo. Ndivyo watu wetu walivyoelekezana tangu zamani, njia ya kwenda kwa fulani, mbuzi aliyepotea, mkwe anayekuja. Kiongozi wa mbele anageuka kila baada ya hatua chache, anasoma midomo ya wenzake, kisha anawanong'oneza wageni. Ilikuwa njia nzuri. Hadi leo naifundisha.

Na ilikuwa njia hiyo iliyonifungua macho.

Tulikuwa Kakamega na kikundi cha wazungu sita, wastaafu wenye adabu, waliokuwa wakinong'ona hata tukiwa kwenye gari. Tulipumzika chini ya mti mkubwa. Baba Junior alimimina chai kutoka kwenye thamosi, ya maziwa, ya moto kabisa. Nilishika kikombe cha bati na kugeuza uso kushoto ili mvuke usiniingie machoni, nikapuliza.

Mzee Odongo aliona midomo yangu. Aliweka kikombe chake chini, akainuka taratibu, akainua kiganja kuwatuliza wageni. "Juu, kushoto," akanong'ona. "Mdogo. Sauti nyembamba. Subirini."

Darubini sita zikapanda. Baba Junior akageuka upande wa pili, mabega yanatikisika. Nilibaki na kikombe mkononi na midomo yangu ilivyokuwa, naogopa kuirudisha. Hapakuwa na ndege yeyote kushoto. Hapakuwa hata na jani lililotikisika. Baada ya muda mama mmoja katika kikundi akasema ameona mkia.

Jioni, tuliporudi Kisumu, nilimfuata Mzee kule Dunga. Alipenda kukaa pale baada ya safari, juu ya mtumbwi uliogeuzwa kifudifudi kwa ajili ya kuzibwa, akiwatazama yangeyange wakirudi kulala.

"Mzee," nikasema, "masikio yako ni mazima?"

"Kwani umeniita sikuitika?"

"Sikukuita. Nilipuliza chai."

Alifikiri. Nikaona jambo lenyewe likimfikia usoni, polepole. Kisha akacheka, akacheka mpaka akafuta macho kwa kofia. "Chai," akasema. "Omera, ndugu yangu, nimewageuza wazungu sita kwa sababu ya chai."

"Na mmoja ameona mkia."

"Huyo ana macho kuliko sisi sote."

Tulipomaliza kucheka alinieleza bila kuzunguka. Sauti nene alikuwa anazisikia vizuri: kunguru, furukombe, watu, injini. Nyembamba ndizo zilizokuwa zimeondoka. "Ni kama matanga," akasema. "Wa kwanza kuondoka ni wale waliokuja na magari. Sisi wa nyumbani tunabaki na masufuria." Alikuwa amejaribu kifaa cha kuvaa sikioni. Msituni kilimletea hatua za miguu, zipu za mikoba, na Baba Junior akitafuna njugu. Akakiweka kwenye kabati.

"Nani anajua?"

"Nadhani wote. Hakuna aliyeniambia. Wananiheshimu." Alilitamka neno hilo kama mtu anayetema mbegu ya chungwa. "Nikimuuliza Ouma anasikia nini, ananiambia kile nilichomfundisha asikie. Mimi nataka kilichopo."

"Na Meneja?"

"Akijua ataniondoa porini. Ataniweka ofisini nipokee simu."

"Simu?"

"Simu. Kiziwi apokee simu. Na wataniandalia keki, waite hiyo heshima." Yangeyange wa mwisho walikuwa wanashuka. "Nyathina, mwanangu, mimi sina kazi nyingine ninayoijua. Nikikaa ndani mchana kutwa nitakufa kabla ya masikio yenyewe."

Nilimwonea huruma, na bado nilikuwa mimi. Nikamwambia kwamba wageni wametoka mbali, na kiongozi asiyesikia anawanyima nusu ya msitu bila wao kujua.

"Kuna uongo niliowaambia?"

"Leo asubuhi, mmoja."

"Huo ulikuwa wako," akasema. "Mimi niliutafsiri tu."

Basi nikampa msimamo wangu, kama wakili kweli. Nitamwelekezea kwa midomo kila siku, kwa uaminifu, na nitakunywa chai nikitazama chini. Lakini mtu mwenye haki ya kumuuliza akimuuliza uso kwa uso kama anasikia, sitamsaidia kujibu.

"Sijakuomba," Mzee akasema. Hakuwa amekasirika.

Siku hiyo ilikuja haraka kuliko tulivyodhani. Mgeni mmoja mjuzi, aliyezunguka dunia akitafuta ndege, alirudi kwao na kuandika kwamba kiongozi wetu ni mtu mzuri sana lakini amepita chini ya ndege kadhaa wenye sauti nyembamba bila kusimama. Meneja alituita. Alikuwa mwanamke wa familia ya Kihindi iliyofanya biashara Kisumu tangu enzi za babu yake, na aligombana na madereva kwa Kidholuo kizuri kuliko cha madereva wenyewe. Alisema Afisa Mafunzo atakuja kutoka Nairobi kutembea nasi: kwanza msitu wa Kakamega, halafu visiwa. Kama Mzee atashindwa kutambua kwa sikio, hatakuwa Kiongozi Mkuu tena.

"Mzee, si ni maneno ya mzungu tu?" akamuuliza mbele yetu. Sauti yake ilikuwa inaomba jibu fulani.

"Atakuja, ataona," Mzee akajibu.

Nikiwa njiani kutoka, Baba Junior alinishika mkono. "Wakili, sikiliza. Huko msituni wewe toa mdomo mpaka ufike Webuye. Umesikia? Usituletee mambo ya katiba."

Sikulala vizuri siku zile.

Afisa Mafunzo alikuwa mtu mpole, wa miaka ya katikati, mwenye sauti ya chini. Ningependa kusema alikuwa mbaya, ingenirahisishia. Asubuhi ile Kakamega ukungu ulikuwa umeshuka hadi kwenye vichaka, kwa hiyo macho hayakuwa na msaada. Alipanga safu mwenyewe: Mzee mbele, yeye nyuma ya Mzee, wageni wawili, halafu Ouma, halafu mimi mkiani.

Tulitembea. Mzee alimtambua kulukulu mkubwa wa bluu kwa mlio wake mzito, akamtambua hondohondo kwa upepo wa mabawa tu, na wageni walifurahi. Kisha, juu upande wa kulia, nikamsikia yule tuliyempa jina la Zipu. Ni ndege mdogo kama kidole gumba, wa kijani, na wimbo wake ni kama mtu anayefunga zipu taratibu ili asiamshe mtoto. Ouma alimsikia pia, nikaona shingo yake. Mzee akapita chini yake.

Afisa akasimama. "Mzee Odongo. Umemsikia huyo?"

Mzee aligeuka. Afisa alikuwa anamtazama yeye, amenipa mimi mgongo, na kwa kuwa njia ilipinda pale, kati yangu na Mzee hapakuwa na kizuizi. Midomo ya Ouma ilikuwa tayari imetoka. Mzee hakumtazama Ouma. Alinitazama mimi.

Niliyokuwa nimeyasema Dunga niliyasema nikiwa nimekaa, tumbo limeshiba. Pale msituni niliona mzee aliyenifundisha kila nilichojua, na kiti cha ofisini nyuma yake, na simu. Nadhani midomo yangu ilianza kwenda. Sijui. Sijui, kwa sababu kabla haijafika popote Mzee Odongo alifumba macho.

Aliyafumba kabisa, kama mtu anayezima taa.

"Sikumsikia," akasema.

Wageni waliangalia viatu vyao. Ukungu ulidondoka kutoka kwenye majani, na Zipu akaimba tena juu yetu, kana kwamba hayamhusu.

"Basi," Afisa akasema kwa upole.

"Bado," Mzee akasema, akafumbua macho. "Mimi sisikii. Yule wa nyuma kabisa anasikia. Wakili, njoo mbele. Sema."

Nikaenda mbele. Nikasema nasikia nini: zipu inayofungwa, inapanda mwishoni, inarudiwa baada ya pumzi moja.

"Mahali pamoja, au anasogea?"

"Anasogea. Kulia kwenda kushoto, polepole."

"Kuna wengine pamoja naye?"

"Kuna kama sarafu zinagongana. Wawili au zaidi."

"Wengi, basi," Mzee akasema, na akaanza kunong'ona na wageni kwa sauti yake ya kazi. "Ni kundi la mchanganyiko. Ndege wadogo wa aina mbalimbali husafiri pamoja wakila. Wanaelekea kwenye ule mti uliovunjika, wenye kuvu, kwa sababu ukungu ukiwapo wadudu hujificha pale. Msiwafuate. Tuwatangulie, tusimame, wao watatujia."

Tuliwatangulia. Tulisimama. Niliendelea kumwambia sauti zilikofika, naye akaendelea kuwaambia wageni waangalie tawi gani. Zipu alitoka kwenye ukungu akatua karibu kiasi kwamba darubini hazikuhitajika, na nyuma yake kundi zima. Hata Ouma aliguna. Afisa Mafunzo hakuandika kitu. Aliangalia ndege.

Visiwani, siku zilizofuata, hapakuwa na shaka yoyote. Ndere na Mfangano ni nchi ya ndege wakubwa na mwanga mwingi: furukombe, mnandi wanaokausha mabawa juu ya mawe, mdiria wa rangi mbili anayeganda hewani kabla ya kupiga mbizi. Huko sauti ni nene, na jicho la Mzee lilikuwa bado linaona kwato za mnyama kwenye kisiwa tukiwa majini.

Tuliporudi, Afisa alimwambia Meneja ukweli wote. Sheria ilitaka kikundi kiwe na kiongozi mmoja anayesikia na kuona. Meneja alizunguka ofisi yake mara kadhaa. Kisha akasema, "Daktari wangu wa meno anavaa miwani. Mbona hakuna anayemwita kipofu?" Akanielekezea kalamu. "Wewe utakuwa miwani ya masikio yake. Msituni mnaongoza wawili, na wageni wanaambiwa hivyo tangu mwanzo. Visiwani aende peke yake."

"Na mimi nitaongoza kikundi changu lini?" nikauliza.

"Wakili," akasema Meneja, "hilo ni swali zuri."

Halikujibiwa kwa miaka. Vijana wangu hupenda sehemu ya msitu na kusahau sehemu hii, kwa hiyo naiweka hapa. Ouma alipata vikundi vyake, akapanda. Mimi nilibaki wa pili. Kulikuwa na asubuhi nilipomchukia Mzee kidogo, hasa alipoegemea mti na kuniuliza kwa mara ya elfu, "Unasikia nini?" Lakini nilijua sasa kwamba si mtihani. Alikuwa anauliza kwa sababu alitaka kujua. Ni vigumu kumnyima jibu mtu wa namna hiyo. Na nilipokuwa namtafsiria msitu, ilibidi niusikie wote, sauti kwa sauti, kuliko kama ningekuwa peke yangu na kiburi changu.

Wageni walipenda. Walituambia hawajawahi kuongozwa hivyo, mmoja akisikia na mwingine akieleza. Wengine walidhani ni mtindo wa kwetu. Baba Junior aliwaambia ni hivyo, mila ya kale sana.

Mzee Odongo alistaafu kwa miguu yake, akitoka kwenye boti la Ndere, kofia mkononi. Keki ilikuwapo. Alirudi kwao Asembo Bay. Nami nilipata vikundi vyangu hatimaye, nikaviongoza misimu mingi, kisha magoti na darasa vikanivuta mjini.

Mkiniuliza nimebaki na nini, sina methali ya kuwapa. Simu zenu zinasikia vizuri, na sizidharau. Nimezijaribu zote na kuzibishia zote. Ila simu husema jina. Haisemi kama aliyelia amejibiwa. Ukisimama mbele ya kundi la watu, sema ulichosikia leo, na pale usiposikia, sema hivyo pia. Hilo ndilo nililoliona likifanya kazi.

Mwaka jana nilikwenda kumsalimia. Alikuwa amekaa kibarazani, mkewe amekaa karibu naye ili asilazimike kupaza sauti. Walinipa samaki na kuon, ugali wa kwetu. Kwenye uzio wao kuna jozi ya ndege wa jamii ile ile ya Dunga, wale wa kawaida wanaokaa bustanini, nao wakaanza kuimba. Mzee aligeuza kichwa.

"Mmoja au wawili?"

"Wawili," mkewe akasema haraka.

"Huyu mama husema wawili hata mvua ikinyesha," Mzee akaniambia. "Wewe?"

"Wawili, Mzee. Leo ni wawili."

Akaitikia kwa kichwa, ameridhika. Nikaona nimuulize lile lililonikaa tangu siku ya viatu vipya: kwa nini alinichagua mimi nitembee naye, wakati nilikuwa sijui lolote, na swali lake la kwanza lilinishinda.

"Halikukushinda," akasema. "Jioni ya jana yake nilipita Dunga peke yangu. Kulikuwa na wavu umeanikwa ukingoni mwa togo. Mmoja wa ile jozi alikuwa amenasa humo, amekufa. Nilimnasua, nikamzika pale pale."

Niliweka mwiba wa samaki pembeni ya sahani. Kisha nikawa mimi. "Lakini huenda aliyebaki alikuwa ameshapata mwenzake."

"Kwa usiku mmoja? Hata binadamu husubiri matanga yaishe, Wakili."

Mkewe akacheka. Uzioni chupa ilipulizwa, kitambaa kikachanwa. Na mimi nikawasikia tena Baba Junior na Ouma, wote wawili, wakisema wawili, wawili, kwa heshima yote, mbele ya mzee asiyesikia, katika mafunjo ambamo asubuhi ile kulikuwa na ndege mmoja.